Visu Vipara vya Bi Cheche

Ukiwa na kisu cha kukunja chenye chapa ya taji na unajivunia, usimpelekee Bi Cheche. Atakipokea kwa mikono miwili, atakifungua, atakigeuza kwenye mwanga, kisha atakuuliza kwa upole unaotia wasiwasi, "Umekinunua au umeuziwa?" Ukijibu umekinunua, atacheka. Ukijibu umeuziwa, atacheka zaidi, na hapo utajua kwamba umekuja kunoa kisu ukanolewa wewe.

Jina lake la kuzaliwa watu wa sokoni walishalisahau. Walimwita Bi Cheche kwa sababu ya jiwe lake la kunolea, lile gurudumu linalozungushwa kwa pedali, ambalo kila linapoguswa na chuma hurusha cheche mpaka kwenye aproni yake ya ngozi. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kona ile ile ya baraza la soko, kati ya ngazi za ofisi na kibanda cha fundi viatu. Meza iliyobeba jiwe hilo ilifungwa sakafuni kwa boliti nne. Alikanyaga kwa mguu wa kulia tu, kwa hiyo kiatu cha kulia kiliisha kwanza, na fundi viatu alikuwa amezoea kumshonea kimoja kimoja.

Kazi aliirithi kwa baba yake. Mzee yule alikuwa na kiburi cha ajabu kwa mtu aliyekuwa akizunguka mitaa akibeba jiwe mgongoni. Mwaka mzima alimkalisha binti yake pembeni atazame cheche tu, bila kumruhusu kugusa hata kisu cha jikoni. "Kisu kinaweza kukudanganya kwa mng'aro," alimwambia, "lakini kikiguswa na jiwe kinasema ukweli." Chuma laini hutoa cheche ndefu za njano iliyofifia, zinakwenda moja kwa moja na kuzimika. Chuma kigumu kilichopikwa vizuri hutoa cheche nyeupe zinazopasuka mwishoni, kila moja ikitoa vitawi vyake. Mtu mwingine akitazama ataona moto tu. Bi Cheche alikuwa akisoma humo kama wewe unavyosoma barua.

Mkabala na geti la soko lilikuwepo duka la jumla la mtu ambaye wote walimwita Tajiri, naye akiitika bila aibu. Duka hilo liliuza vitasa, tochi, nyaya, na aina tatu za visu vya kukunja. Kisu cha jogoo kilikuwa na mpini wa plastiki nyeusi, kilining'inizwa mlangoni kwa dazeni ndani ya mifuko ya nailoni, na bei yake ilikuwa ya jozi ya soksi. Kisu cha kifaru kilikuwa na mpini uliopakwa rangi ya mbao na kikasha cha karatasi. Halafu kulikuwa na kisu cha taji. Hicho kilikaa kwenye kabati la kioo lenye kufuli, kimelazwa juu ya kitambaa chekundu, mpini wake wa kijivu unang'aa, na bei yake uliambiwa kwa sauti ya chini, kama vile umeulizia ugonjwa.

Siku moja fundi viatu alikuja kazini amenyoosha mgongo. Ni mtu mkimya, aliyezoea kukata soli kwa kipande cha msumeno alichokifunga kitambaa. Alikuwa amejinyima miezi mitatu, na mfukoni alikuwa na kisu cha taji. "Na mimi nishike kitu cha maana kabla sijazeeka," alisema, akakifungua na kukifunga mara kumi ili asikie kile kimlio chake. Siku ya pili ubapa ulijipinda kwenye soli ya buti. Fundi viatu akakirudisha dukani. Baada ya nusu saa alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, na hakushika kiatu hata kimoja.

"Amesemaje?" Bi Cheche aliuliza.

"Amesema tatizo si kisu."

"Tatizo ni nini sasa?"

Fundi viatu alitazama gundi iliyokauka vidoleni mwake. "Amesema vitu vizuri vinataka mtu aliyevizoea. Kasema mbele ya wateja."

Bi Cheche alinyoosha mkono. "Lete hapa."

Aligonga pini ya mpini kwa msumari butu, pini ikatoka, ubapa ukabaki mkononi mwake. Kwenye mkia wa ubapa, pale ambapo mpini huficha, palikuwa na alama ndogo iliyopigwa kiwandani: duara lenye mstari katikati. Alama hiyo aliijua. Chini ya meza alikuwa na kopo la visu vilivyokufa, akachomoa cha jogoo na cha kifaru, akavivua mipini. Duara, mstari. Duara, mstari. Akachukua ubapa wa jogoo na kuuvisha kwenye mpini wa taji, ukaingia, ukafunga, ukatoa kimlio kile kile alichokipenda fundi viatu. Mwisho akazigusisha bapa zote tatu kwenye jiwe, na zote zikatoa ile njano mbovu isiyopasuka.

Hasira aliyoipata siku hiyo haikuwa ya kisu. Kitu rahisi si kosa. Yeye mwenyewe alivaa viatu rahisi maisha yake yote na hajafa. Kilichomchoma ni yale maneno. Mtu anakuuzia soksi kwa bei ya koti, soksi ikitoboka anakwambia mguu wako ndio haujazoea. Aliona aibu ya fundi viatu ikawa yake, na Bi Cheche hakuwa mtu wa kukaa na aibu isiyomhusu.

"Nikunyooshee?" aliuliza.

"Ninyooshee. Na hilo taji lifute. Sitaki linitazame."

Ndivyo mambo yalivyoanza. Aliunyoosha ubapa, akaulaza ubavu juu ya jiwe, na kwa pumzi tano picha ya taji na jina lake vikaondoka, pakabaki bati jeupe tupu. Fundi viatu alikitazama kisu kile kilichonyolewa, kisha kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili akacheka. "Kipara," alisema.

Neno likapanda ngazi na kushuka, likazunguka soko lote. Kabla ya wiki kwisha fundi bomba alileta chake akataka kinyolewe. Wakaja wabeba mizigo, wauza nyanya, fundi umeme, na mwanamke mmoja wa maua ambaye kisu chake kilikuwa cha jogoo na hakikuwa na cha kuringia, lakini naye alitaka kipara kwa sababu wenzake wote walikuwa nacho. Bi Cheche hakubagua. Cha jogoo, cha kifaru, cha taji, vyote alivilaza ubavu na kuvinyoa, akiwaambia wenyewe, "Hivi ni ndugu wa tumbo moja, wamevalishwa tu tofauti." Baada ya miezi miwili ikawa mtu akitoa kisu chenye jina mbele ya wenzake anachekwa. Kabati la kioo la Tajiri likabaki limejaa vile vile, na kitambaa chekundu kikaanza kufifia kwa jua.

Tajiri alikuja mwenyewe, mikono nyuma, akitabasamu kwa meno ya mbele tu.

"Dada yangu," alianza.

"Kisu kiko wapi?"

"Sina kisu. Nimekuja kwa mazungumzo."

"Basi kaa pembeni, unaziba mwanga."

Akakaa pembeni. Hakuwa mjinga Tajiri, na alisema jambo ambalo Bi Cheche alilifikiria baadaye akiwa peke yake. Alisema biashara yote ni jina. Mtu anayenunua taji ananunua raha ya kuwa nalo mfukoni, anatembea nayo, inampa kifua mbele za watu. "Wewe huwaokoi," alisema. "Unawanyang'anya raha yao waliyoilipia."

"Waambie basi kwamba wanalipia raha. Waambie chuma ni kile kile. Akikubali, mimi ni nani?"

"Hakuna duka linalouza hivyo."

"Basi hakuna mnoaji anayenyamaza hivyo."

Akamtolea ahadi. Chumba kidogo ubavuni mwa duka lake, chenye mlango na taa, na mashine ya umeme ya kunolea, mpya, bado imo kwenye boksi. Sharti moja tu: asinyoe majina tena. Bi Cheche alitazama mguu wake wa kulia, ambao siku hizo ulikuwa ukimuuma gotini kila baridi ilipoingia, na mimi sitadanganya kwamba hakuitamani ile mashine. Aliitamani sana. Kisha akasema, "Anayenyoa ni mwenye kisu. Mimi ni wembe tu. Nenda kawasemeshe wao."

Tajiri hakwenda kwao. Alikwenda kwa mwenyekiti wa soko.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa amani, hasa amani iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Alimwita Bi Cheche juu ofisini, kwenye meza iliyofunikwa kioo, chini ya kioo picha za viongozi wa soko waliopita. Tajiri alikuwa ameshakaa. Shtaka lilisomwa: kuharibu bidhaa za mfanyabiashara mwenzake na kumchafulia jina.

"Ni kweli unawaambia watu kwamba visu vyake vyote ni kitu kimoja?" mwenyekiti aliuliza.

"Kweli tupu."

"Una hakika gani?"

Hapo ndipo ulimi wa Bi Cheche ulipomkimbia. Angeweza kusema ameona alama, angeweza kuleta kopo lake, mambo yakaisha kwa kahawa. Lakini Tajiri alikuwa akitabasamu kwa meno yale ya mbele, na mori ulikuwa umeshampanda. "Nendeni dukani kwake," alisema, "mchague wenyewe kimoja kimoja, vipya, mniletee kwenye jiwe mbele ya soko zima. Vikiwa sawa vyote vitatu, nabaki na hakuna wa kuniuliza tena. Kikipatikana hata kimoja kisicho sawa na wenzake, nang'oa boliti zangu nne na kutoka humu siku hiyo hiyo."

"Niandike?" mwenyekiti aliuliza, kalamu tayari.

"Andika kwa herufi kubwa."

Jioni hiyo alipita kwa dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, aliyemlea baada ya mama yao kufariki na ambaye mpaka leo alimsemesha kama mtoto aliyemwaga maziwa. Chumba kilikuwa kimejaa kola. Kola kitandani, kola juu ya redio, kola zikining'inia kwenye kitasa cha mlango. Dada hakuacha kushona alipokuwa akisikiliza. Aliacha alipofika kwenye masharti.

"Nani alikuomba useme 'hata kimoja'?"

"Ni sawa vyote, dada. Nimevifungua mia."

"Na hicho cha mia na moja?" Dada alitoa pini mdomoni. "Una miaka hamsini na moja. Goti bovu. Ukitoka pale utanolea wapi, kitandani? Nenda kesho, sema 'nimekosa', sema 'samahani', maneno mawili tu, halafu urudi kwenye kona yako."

"Hayo mawili ni mengi mno."

"Mdogo wangu, huo mdomo utakuja kukuweka juani."

"Basi nitanunua kofia," alisema Bi Cheche, lakini alipokuwa akirudi kwake hakucheka. Alijua dada amesema kweli. Jiwe bila kona ni mzigo tu, na yeye hakuwa baba yake, hakuwa na mgongo wa kuzunguka nalo mitaani. Alikuwa na hofu, basi. Nani asingekuwa nayo?

Alhamisi saa nne asubuhi baraza lilijaa. Watu walipanda juu ya magunia na ndoo zilizogeuzwa. Mwenyekiti alikuja na wajumbe wawili, na visu vitatu alivyovichagua mwenyewe kwa mkono wake, kimoja kutoka mlangoni, kimoja rafuni, kimoja kwenye kabati la kioo. Tajiri alisimama nyuma yake, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Dada mkubwa naye alikuwepo, ameegemea nguzo, uzi mweusi bado umenasa begani.

Bi Cheche alifunga aproni. Alianza na taji. Alikanyaga, jiwe likaimba, akagusisha ubapa, na cheche zikatoka ndefu, za njano iliyofifia, zikazimika hewani. Akachukua kifaru. Njano ile ile. "Eee!" soko likaitika. Wengi hawakujua wanaitikia nini, ila waliona sura yake imetulia.

Akachukua jogoo.

Cheche zilitoka nyeupe. Zilitoka fupi na kupasuka, kila moja ikamwaga vitawi vyake, nzuri kuliko alizokuwa ameziona kwa miaka. Bi Cheche aliondoa mguu kwenye pedali. Jiwe lilipopungua kasi alikanyaga tena, akagusisha sehemu nyingine ya ubapa, karibu na mpini. Nyeupe. Zinapasuka. Kiwandani huko mbali, sijui mtu gani alikosea siku gani akatupia kipande cha chuma bora kwenye rundo la chuma cha ovyo, kikapigwa duara na mstari kama wenzake, kikavishwa plastiki nyeusi, kikasafiri dunia nzima kuja kumng'oa Bi Cheche kwenye kona yake.

Nyuma yake watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Wameona moto mara tatu, basi, kwao moto ni moto. Fundi viatu alikuwa anafuta macho. Mwenyekiti alikuwa ameshavua kifuniko cha kalamu ili aandike "sawa". Na katika watu wote wale, wajumbe, wateja, Tajiri mwenyewe, hapakuwa na hata mmoja aliyejua kusoma kilichoandikwa pale. Ni yeye tu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kukunja kisu.

Aliitazama kona yake, ukuta uliokuwa umeingia weusi kwa mgongo wake, ngazi, msumari wa kutundikia mfuko. Alitaka kubaki. Lakini miezi yote ile alikuwa amemcheka mtu kwa kuuza jina lisilo na chuma. Sasa auze na yeye?

"Mwenyekiti," alisema, "weka kalamu chini. Nimekosea."

Makofi yakakatika. Dada mkubwa alifumba macho.

"Umesemaje?"

"Nimesema nimekosea. Viwili ni sawa. Kimoja siyo. Kimoja hiki ni chuma hasa, na wenzake wawili hawafiki hata kwenye kivuli chake."

Tajiri alijitokeza mbele kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. "Sema kwa sauti, dada yangu! Soko lisikie. Kimoja ni bora?"

"Ni bora. Mbali sana."

"Nilisema mimi! Miezi nimesema! Kipi hicho, waambie."

Bi Cheche alikiinua juu ili mpini wake mweusi wa plastiki uonekane. "Cha jogoo," alisema.

Kwanza Tajiri alicheka, peke yake. Kisha akamwona muuza nyanya anashuka kwenye ndoo na kuelekea getini, na mbeba mizigo mmoja nyuma yake, na wanawake wawili wakihesabiana wataka vingapi, wote macho kwenye ule mlango wa duka uliotundikwa majogoo kwa bei ya soksi. Akaliona kabati lake la kioo litakavyokaa miaka na kitambaa chake chekundu. Akili ikamruka.

"Wewe mwanamke usinichekeshe!" alifoka. "Jogoo kipite taji? Mimi ndiye ninayevipokea! Vinakuja kasha moja, chuma kimoja, mashine moja! Majina nachagua mimi kwenye karatasi ya oda, jogoo ngapi, taji ngapi! Hakuna tofauti hata ya sindano!"

Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha fundi bomba, kutoka nyuma kabisa, akasema kwa adabu, "Rudia, bosi. Huku mwisho hatujasikia."

Kicheko kilichofuata sijui nikielezeje. Watu walishikana. Mjumbe mmoja wa kamati alikaa chini kwenye ngazi na kujifunika uso kwa daftari. Fundi viatu hakucheka. Alikuwa amesimama wima mbele ya kibanda chake, anamtazama Tajiri moja kwa moja machoni, na Tajiri ndiye aliyetazama pembeni.

Bi Cheche naye hakucheka. "Nyinyi mnaokimbilia dukani, rudini," aliita. "Hiki kimoja ni bahati. Wenzake wa jogoo nimevinoa mia, ni bati kama vingine. Msije kesho kusema mimi ndiye niliyewatuma." Muuza nyanya alirudi amenuna.

Tajiri alikuwa ameshaokota pumzi yake. Alifuta shingo kwa leso, akamgeukia mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imerudi chini, ya kulenga. "Masharti yameandikwa," alisema. "Alisema hata kimoja. Mwenyewe amekiri mbele ya watu kwamba kimoja si sawa. Sasa atoke."

Mwenyekiti alifungua daftari. Yalikuwa pale kweli, kwa herufi kubwa. Alimtazama Tajiri, akalitazama soko, akaona amani yake inamponyoka pande zote mbili, basi akashika njia ya katikati kama kawaida yake. "Tusifike huko," alisema. "Leo wote wawili mmetuchekesha, na wote wawili mmekosa. Bi Cheche, baki kwenye kona yako. Endelea kunoa. Majina tu ya watu usiyaguse tena, mambo yaishe."

"Kubali," dada mkubwa alisema chini chini. Alikuwa ameshasogea mpaka kwenye meza. "Kubali, mdogo wangu, umeshashinda."

Ilikuwa njia nzuri. Goti lake lote lilimwambia akubali. Lakini Bi Cheche aliliona lile sharti dogo lilivyowekwa kwa upole kwenye mkia wa huruma, na alijua kwamba akilikubali, kila fundi atakayemjia na aibu mkononi itabidi amwambie, samahani, siruhusiwi.

"Mwenyekiti, ahsante," alisema. "Nilisema kikipatikana hata kimoja natoka. Kimepatikana. Kubaki kwa ahadi niliyoivunja, halafu nikuahidi nyingine, hapana. Nitatoka na mdomo wangu mzima."

"Mama, fikiria."

"Nimefikiria toka nilipoona cheche."

Akamkabidhi Tajiri kisu cha jogoo, pamoja na wenzake, akapiga magoti akiwa na spana. Boliti ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka. Ya tatu ilipiga kelele ikatoka. Ya nne ilikuwa imeoana na sakafu, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, jasho likimdondoka puani, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Hakuomba msaada. Ilipokatika, ilikatika ghafla naye akaanguka kwa makalio, akainuka, akajipangusa, akashika upande mmoja wa meza. Meza ya jiwe si kitu cha kubebwa na mtu mmoja.

Dada mkubwa alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akashika upande wa pili. "Mkaidi wewe," alisema. "Mkaidi toka tumboni. Haya, moja, mbili, inua."

Walitoka nayo hivyo, wakisimama kila hatua kumi, katikati ya njia iliyokuwa ikijifungua yenyewe. Hawakwenda mbali. Walivuka geti, na hatua tatu nje yake, kando ya barabara ambako kamati haina daftari, walitua meza kwenye udongo, uso kwa uso na duka la Tajiri. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na paa. Meza ilitikisika kwenye ardhi isiyo sawa, basi dada mkubwa akapanda juu ya ubao wa meza, akaukalia, miguu inaning'inia, na kuwatazama wapita njia kwa jicho la 'thubutuni kucheka'. Fundi viatu alikuja nyuma yao na kigoda kwapani na sanduku lake kichwani. Aliketi mahali pake pa kawaida, mkono wa kushoto wa Bi Cheche, akachukua kiatu na kuendelea kukishona.

Tajiri alikuwa ameshafika mlangoni kwake. Alisimama kati ya majogoo yake yaliyoning'inia, mikono nyuma.

Fundi bomba ndiye aliyefika kwanza. Alitoa mfukoni kisu chake cha pili, kipya kabisa, alichokinunua zamani akakificha kwa kuona haya kuchekwa, mpini wake wa kijivu bado una karatasi ya plastiki, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bi Cheche alikifungua. Alikilaza ubavu, akalisoma jina lililoandikwa pale, herufi kwa herufi, kwa sauti ya kufika upande wa pili wa barabara, kisha akakanyaga.